Aliyezijua Habari za Babu

Juzi hapa Kimandolu nilimwona mama mmoja akikamua ng'ombe huku akimsemesha kwa Kimeru, nikaganda njiani kama nguzo ya umeme.

Nilimkumbuka Bibi, mama yake baba, na alasiri moja kwenye banda lake lililonukia majani ya migomba na maziwa ya moto. Ng'ombe wake, haki ya nani, alikuwa mkubwa kuliko Mlima Meru. Baba alikuwa amekataza tusisemeshwe Kimeru, eti tutafeli shule, kwa hiyo sisi wajukuu Bibi alituambia tu njoo, kula, lala. Lakini akianza kukamua, maneno yalimtoka kama mto wa masika. Nikaamini Kimeru ni lugha ya ng'ombe.

"Bibi, unamwambia nini?"

"Habari za babu yako. Tulivyoishi."

"Tuambie na sisi basi!"

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. "Kwa Kiswahili siwezi, mjukuu wangu."

Nilidhani inzi amemwingia jichoni.

Leo Kiswahili ninacho cha kumwaga. Habari za Babu alibaki nazo ng'ombe, naye tulimchinja kwenye msiba wa Bibi.