Mpiga Solo wa Granville

Ukimkuta Méthode Habonimana kazini, akisukuma ndoo na mopu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Granville, Sydney, hutadhani kwamba zamani alikuwa mpiga gitaa mashuhuri. Na utakuwa umepatia, kwa sababu hakuwa.

Uongo wenyewe ulianzia dukani kwa Murhula. Huyu Murhula, Mkongo wa Bukavu, aliuza santuri na kaseti katika chumba kimoja karibu na stesheni. Alikuwa na benchi moja na tabia moja ya ajabu: kila aliyeingia alimuuliza kwao alikuwa nani. Sydney nzima hakuna mwingine aliyeuliza hilo. Wengine waliuliza kama una leseni ya gari na kama mgongo wako unaweza kubeba. Kwa hiyo mtu akiulizwa na Murhula, alijibu kwa kujinafasi. Gitonga, dereva wa forklift, aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Kenya, kwa mguu wa kushoto au wa kulia kutegemea wiki. Wilkister, aliyekunja mashuka hospitalini, alikuwa msomaji wa habari redioni Kisumu. Zamu ya Méthode ilipofika, mwaka 2001, akaitaja santuri moja iliyorekodiwa Bujumbura miaka ishirini nyuma.

"Solo ile niliipiga mimi," alisema. Alijua vita vilishaimeza santuri hiyo.

Kumbe havikuimeza. Miaka mitatu baadaye Murhula alimpigia simu akihema. "Mzee Méthode, ile disque nimeipata! Iko mtu wa Bruxelles alikuwa nayo. Samedi tutaisikia wote kwa Kev."

Kwa Kev ni baa iliyotazamana na duka. Kev, Mwaustralia mwenye mikono minene na moyo mwepesi, aliwaachia chumba cha nyuma kila Jumamosi alasiri, kwa kuwa walikunywa soda nyingi na hawakupigana.

Kilichomtia Méthode baridi ni utaratibu wa Murhula. Kabla sindano haijaigusa santuri, Murhula husoma jalada kwa sauti, jina kwa jina, hata la aliyechemsha chai. Hajawahi kuruka jina. "Ni heshima yao," husema.

Wiki nzima Méthode alifikiria kujifanya mgonjwa, akafikiria kuhamia Perth. Lakini benchi la Murhula ndilo mahali pekee Australia nzima ambapo neno mzee lilitamkwa bila mtu kuandaliwa maji ya kuogeshwa. Angelipata wapi tena?

Jumamosi, kabla Murhula hajavaa miwani, Méthode akasimama.

"Ndugu zangu, njia ya mwongo ni fupi. Mimi sikupiga gitaa. Nilikuwa nje ya mlango wa studio, nafukuza watoto wasipige kelele."

Hakuna aliyecheka. Wilkister alimtazama Gitonga. Gitonga alitazama viatu vyake. Kama Méthode amevuliwa gitaa lake hadharani, ni nani angefuata?

"Wacha jokes, mzee," Gitonga alisema. "Kaa chini. Unajishusha bure."

"Ni unyenyekevu tu huo," Wilkister akadakia. "Murhula, soma bwana."

Murhula akasoma. Ngoma, besi, gitaa la pili. Alipofika kwenye solo akanyamaza. Méthode, aliyeketi ubavuni pake, aliliona jina limechapwa wazi kabisa: Irankunda. Murhula alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Gitaa la solo," akasoma, "Habonimana Méthode."

Santuri ikalia. Solo ilikuwa tamu hata Méthode akaona uchungu kwamba si yake. Akalia, na wenzake wakamwacha alie. Aliona haya kupita kiasi, na tangu ashuke kwenye ndege hakuwahi kujiona anapendwa hivyo.

Makofi hayajaisha, Kev akaingia. Murhula alikuwa amemwambia siku nyingi kwamba leo kuna msanii mkubwa humu ndani, naye alikuja amebeba gitaa la bendi yake ya Ijumaa.

"Go on, mate," akamwambia Méthode, akimpakatisha. "Give us a tune."

"Arthritis," alisema Wilkister kwa sauti ya taarifa ya habari, akionyesha vidole vya Méthode.

"Shoulder!" alisema Gitonga papo hapo, akimgusa Méthode bega la kulia.

"Ameokoka," alisema Murhula kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimemkimbia.

Kev aliwatazama mmoja mmoja. Akalichukua gitaa taratibu, akatoka, akarudi na bia ya bure. Aliiweka mbele ya Méthode na kumpapasa bega, lile alilodhani bovu, kwa huruma yote.

Méthode aliinywa kwa mkono wa kushoto, na ndio anaonywea pale hadi leo.