Zipu ya Mgongoni

Watu wa bonde lile la Ohio, ambako viwanda vya chuma vilikwisha kufa siku nyingi, walikuwa na desturi moja ambayo mgeni angeiona ni ya kikatili. Kila mwisho wa Agosti waliegesha magari yao kwenye uwanja wa sinema, wakafungulia redio ili kupata sauti, wakasubiri jitu la kijani la filamu ileile ya kila mwaka litokee machimboni na kugeuza mgongo. Hapo zipu ya vazi ilionekana, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, nao wakapiga honi wote kwa pamoja na kupaza sauti: "Zipu!"

Delbert Hruska ndiye aliyekuwa ndani ya jitu lile. Filamu ilitengenezwa ujana wake na mwuza magari makuukuu aliyetaka umaarufu. Vazi lilikatwa kutoka mipira ya matairi ya malori, likajazwa sponji za makochi. Tangu hapo mji mzima ulimwita Mzee Zipu.

"Mzee Zipu, leo pia utageuka?" aliuliza Dawna, mwanamke wa langoni, akiwapungia mkono wapite bila tiketi.

"Nisipogeuka mtacheka nini?"

Garini, kando ya Delbert, alikaa mkewe, Arlene, amefunikwa blanketi, bisi mapajani. Alikuwa amemwita Delbert "dereva" njia nzima, kwa adabu. Jumatatu angehamishiwa nyumba ya kutunzia wazee. Picha za harusi zilikwisha kushindwa kumrudishia kumbukumbu, na majina ya watoto pia. Daktari alisema asitegemee lolote, naye Delbert, asiyekuwa mtu wa kubishana na waliosoma, alikubali, kisha akalijaza gari mafuta.

Alikuwa na sababu yake. Siku ile ya kupiga filamu machimboni, kazi ya jitu ilikuwa kuielekea kamera, mikono juu, bila kutazama nyuma. Nyuma yake, binti aliyeigiza mateka aliteleza juu ya jiwe akavunjika kifundo cha mguu. Ukelele wake haukuwa wa kuigiza. Delbert aligeuka, akakimbia akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa makucha yake ya mpira. Mkanda ulikuwa ghali. Mwuza magari hakurudia kupiga picha hiyo. Binti huyo alikuwa Arlene. Na kila Agosti, honi zilipolia, Arlene hakuwahi kucheka, alimfinya mumewe kidole gumba na kusema neno moja tu: "Uligeuka."

Huenda ndiyo siri ya filamu hizi duni, kwamba aliyezitengeneza hakuwa na fedha za kuuficha ukweli ulipopenya. Lakini Delbert hakuwa akifikiria siri ya filamu. Alikuwa akilisubiri neno lile.

Giza lilipotanda, skrini ikawaka. Rangi zilikuwa zimechakaa mno. Jitu la kijani siku hizi lilikuwa la waridi. Arlene alitafuna bisi kwa utulivu. Binti alipotokea mwambani, Arlene alimtazama kwa makini, akasema ana nywele nzuri. Delbert aliuweka mkono wake juu ya blanketi, kidole gumba juu, mahali ambapo usingekosekana.

Jitu likageuka.

Honi zililia safu baada ya safu. Arlene alishtuka, kisha uso wake ukachanua kwa namna ambayo Delbert hakuwa ameiona tangu majira ya baridi. Alicheka hadi bisi zikamwagika.

"Zipu!" alipaza sauti pamoja na wenzake. Akamgeukia. "Dereva, umemwona? Yule fala ni nani?"

Delbert alikuwa na jibu. Alikuwa amelikariri mwezi mzima, sentensi kwa sentensi, tangu jiwe hadi kifundo. Alilitafuta mdomoni, akaona kwamba lingeikata furaha ya ule uso.

"Simjui, mama," alisema. "Nadhani ni mtu wa hapahapa."

"Kwao hawakumfundisha kujifunga?"

"Labda hapakuwa na muda."

Skrinini jitu lilikuwa limepiga magoti, likiushika mguu. Hakuna aliyesikia lilichosema, kwa sababu ya honi. Ndipo Arlene akauchukua mkono wa Delbert. Aliushika kwa nguvu, naye mzee akalisubiri neno lile. Akauvuta hadi kwenye usukani, akaubandika katikati.

"Mbona umenyamaza?" alisema. "Na wewe piga."

Delbert akapiga.