Mama Mkwe Aliponisindikiza Kununua Baiskeli

Bado naiona, mwanangu, ile asubuhi ya Jumamosi niliyosimama mlangoni mwa duka langu la vitenge pale Kisenyi, jijini Kampala, nimeshapita umri wa arobaini, nikatamani baiskeli kama mtoto anavyotamani andazi. Walipita wanaume kwa wanawake, kofia ngumu vichwani, migongo imeinama juu ya baiskeli nyembamba za mbio, wakipenya katikati ya teksi na boda boda kana kwamba jiji lote limefunguliwa kwa ajili yao. Mwanamke mmoja akanipungia mkono. Alikuwa Atieno, Mkenya aliyefanya kazi ofisini kule Nakasero, mteja wangu wa vitenge. Nilibaki nimesimama hata walipokwisha kupotea.

Usinicheke. Au cheka tu, maana kicheko hakivunji mfupa.

Mimi nimezaliwa Uvira, Kongo, mji uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Baba yangu ndiye aliyenifundisha baiskeli kwenye barabara ya kando ya ziwa, akikimbia nyuma huku amenishikia kiti, mpaka siku moja akaniachia bila kuniambia. Nilikwenda shule kwa baiskeli. Nilipeleka muhogo mashineni kwa baiskeli. Kisha nikaolewa, nikazaa, vita vikatufukuza, tukafika Kampala, na baiskeli ikawa kitu cha utotoni, kama kuruka kamba.

Jumatatu Atieno akaingia dukani. Hakugusa hata kitenge kimoja.

"Mama Riziki, niliona vile ulikuwa unatuangalia. Si ukuje na wewe?"

"Kwa magoti haya?"

"Magoti yako yako sawa. Tafuta tu baiskeli."

Alisema kama mtu anayekwambia utafute chumvi. Lakini nyumbani kwetu Namuwongo, neno baiskeli lilikuwa halitamkwi. Mume wangu, Baba Riziki, alikuwa na mdogo wake, jina lake Shukuru, kijana mwenye mizaha na mwendo wa haraka. Siku moja Shukuru alikuwa akishuka kwa baiskeli kutoka milimani juu ya Uvira na mzigo wa mkaa, waya wa breki ukakatika. Hakufika chini akiwa hai. Mume wangu alinisimulia hayo mara moja tu, tulipokuwa wachumba, kisha akafunga mdomo. Na msimu ule, mama yake, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Uvira kukaa nasi.

Nilipomweleza mume wangu hamu yangu, aliutazama kwanza mlango wa chumba cha mama yake.

"Sikukatazi," akasema. "Lakini Mama asisikie. Utamfufulia msiba."

Nikakubali. Niliona ni busara. Nyumba nyingi huhifadhi amani namna hiyo, kwa kukanyaga polepole pembeni mwa jambo lililolala. Sijui kama amani ya namna hiyo huitwa amani.

Basi Jumapili, baada ya ibada, Atieno akabisha hodi. Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo, mume wangu yuko karibu na dirisha. Atieno hakujua lolote. Akaamkia vizuri, akatoa kofia ngumu kwenye mfuko, akaninyooshea.

"Hii ni yangu ya zamani, haijawahi kuanguka. Ukipata ile baiskeli, kichwa kiwe tayari."

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya maharage. Mume wangu alitoka nje. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Leta niione," mama mkwe akasema.

Akaipokea ile kofia, akaigonga kwa vifundo vya vidole kama mtu anayepima tikiti sokoni, kisha akaivaa juu ya kilemba chake. Ilikaa upande. Hakuna aliyethubutu kutabasamu.

"Shukuru hakukuwa na kintu kama hii," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Akaivua, akaiweka magotini. "Sasa tutaenda siku gani kuitafuta?"

"Kutafuta nini, Mama?"

"Si iyo baiskeli? Weye hautaenda peke yako."

Nilisema, nikiwa na aibu, kwamba sikutaka kumuumiza. Akaniangalia kwa macho makavu. "Binti yangu, kuumia niliisha kuumia. Nyinyi munanificha jina la mtoto wangu, munafikiri mumenisaidia?"

Tukaenda, sisi watatu, mama mkwe, Atieno na mimi, kwa Hajji Kasule, aliyekuwa na karakana nyuma ya maduka ya jumla Kisenyi. Baiskeli zilizotumika zilining'inia darini kwa kulabu. Hajji alimpa mama mkwe benchi, akampangusia vumbi, akamwagizia chai. Nami macho yangu yalikuwa yameshapata yalichokuja kutafuta. Ilikuwa nyekundu, nyembamba kama swala, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo, matairi membamba hata ungedhani yamechorwa.

"Nnyabo, hii iko na mbio sana," Hajji akasema, akiniita kwa heshima kama wanavyoita Waganda. Akainyanyua kwa vidole viwili. "Ona, nyepesi!"

"Ukipanda hii, Gaba Road hakuna mtu atakushika," Atieno akaongeza.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, mwanangu, na ile haikuwa hata mpya. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaipanda. Nilijiona msichana wa Uvira, upepo wa ziwa kifuani, miguu haijui kuchoka. Hapo ndipo mama mkwe alipoweka kikombe chini.

"Bote munaniambia namna inakimbia," akasema. "Hakuna mwenye ananiambia namna inasimama."

Hajji akacheka. Akasema breki ni nzima, kila kitu ni kizima. Na kweli breki zilikuwa nzima, yule mzee hakutudanganya. "Basi aipande," mama mkwe akasema. "Ashuke nayo pale, asimame. Miye niko naangalia."

Uchochoro ule ulikuwa na mteremko mdogo. Nikavaa kofia ya Atieno, nikapanda. Kiti na usukani vilikuwa mbali mno, nikalala juu ya fremu kama nguo iliyoanikwa, lakini gurudumu lilipoanza kuzunguka nilisahau yote. Mwili haukusahau, mwanangu. Baada ya miaka yote ile, mwili ulikumbuka! Kisha nikaona mbele yangu mkokoteni wa magunia ya vitunguu unakatiza. Nikanyoosha vidole nikaze breki, nikagusa ncha tu. Nikanyoosha zaidi. Baiskeli ikapunguza mwendo kwa shingo upande. Nikashusha miguu, ndala zikaburuzika chini, na gurudumu la mbele likaenda kuegemea gunia, taratibu, kama ng'ombe anayefika zizini.

"Nnyabo," mwenye mkokoteni akasema, "unataka kitunguu, simama kwanza!"

Uchochoro mzima ukacheka, na mimi nikacheka kwa kuficha moyo uliokuwa ukigonga. Nilirudi nikiisukuma. "Nitazoea tu, Mama," nikasema kabla hajafungua mdomo.

Mama mkwe alisimama. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya ule usukani, akanionyesha vidole vyangu vinavyoishia kabla ya chuma cha breki.

"Angalia. Havifike. Hii baiskeli ilitengenezewa mutu mwengine, mwenye mikono mirefu. Weye umependa rangi." Akauachia mkono wangu. "Shukuru naye alikuwa anasema hivyo. Breki yake ilikuwa imelegea siku mingi. Nikimwambia, anajibu: Mama, niliisha kuizoea. Na miye nikanyamaza, juu alikuwa kijana na alikuwa anajua baiskeli kunishinda. Leo sinyamaze."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumelisikia tangu utoto mpaka likachakaa masikioni, lakini ni jambo jingine kulisikia kwa mama aliyebaki na guu lake zima na mtoto hana.

Hajji Kasule aliirudisha ile nyekundu kwenye kulabu yake. "Pole sana, mama," akasema taratibu. Kisha akaniambia nisimame, akapima kwa macho urefu wa miguu yangu, akaniambia ninyooshe mikono mbele. "Mimi nilionyesha ile kwa sababu macho yako ilienda huko," akasema. Akaingia ndani, akatoka na nyingine.

Rangi yake ilikuwa ya jivu. Fremu yake fupi, usukani umejikunja vilevile lakini uko karibu, matairi manene kidogo kuliko ya ile nyekundu, na nyuma ilikuwa na gia nyepesi za kupandia vilima. Nikashuka nayo uchochoroni, nikasimama. Mama mkwe akaniambia nirudie. Nikarudia, upesi zaidi. Nikarudia tena, mpaka yule mtu wa vitunguu akaacha mkokoteni wake akawa ananipigia makofi kila ninaposimama.

Haikunivutia, nisikufiche. Nililipa, nikatembea nayo kuelekea nyumbani kama mtu aliyeozeshwa.

"Kwa nini umenuna?" mama mkwe akaniuliza njiani.

"Siipendi, Mama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike Kampala. "Baba yenu naye sikumupenda siku ya kwanza. Mapenzi ilitukuta mu njia."

Jumamosi iliyofuata nilitoka na kundi la Atieno. Sikuwa wa kwanza wala wa pili. Nilikuwa mkiani, na Atieno alikuwa akinirudia kila mara kama kuku anayehesabu vifaranga. Kilima cha Muyenga kilinitoa jasho la utoto wangu, lakini zile gia nyepesi zilinipandisha bila kushuka hata mara moja. Tulipoanza kuteremka upande wa pili, manyunyu yakaanguka na lami ikang'aa. Boda boda ikachomoza kutoka njia ya pembeni, dereva anaangalia simu. Vidole vyangu vyote vikafunga breki. Nikasimama, mguu mmoja chini, na kati yangu na ile pikipiki palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kupita. Dereva akainua mkono kuomba radhi. Nami nikainua wangu.

Mwanangu, nilisimama pale kwenye manyunyu nikajisikia furaha isiyoelezeka. Nikapapasa ule usukani kama mtu anavyompapasa punda wake. Mapenzi yalikuwa yamenikuta.

Tulifika Gaba, tukanywa chai tukitazama ziwa, wavuvi wakatucheka kwa nguo zetu za kubana. Niliporudi Namuwongo nilimkuta mume wangu anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Aliniangalia kuanzia kofia mpaka ndala, akaegemeza ufagio ukutani.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

Akaichukua baiskeli mikononi mwangu, akaipangusa tope kwa shati lake mwenyewe.

Mchana ule, tukiwa tunakula, mama mkwe alitaka nimweleze njia yote, kona kwa kona. Nilipomaliza akasema: "Shukuru alikuwa mudogo, miguu haifike, anapitisha mguu chini ya fremu, anaendesha kiupande kama kaa. Siku moja akaenda nayo mpaka mu ziwa, yeye, na baiskeli, na kuku ya mchungaji." Mume wangu aliacha kutafuna. Kisha akasema, "Mama, kuku ndiye aliyetoka wa kwanza." Wakaangaliana. Wakacheka, mwanangu, wakacheka mpaka mume wangu akashika ukuta, machozi yanamtoka, na watoto wangu wakauliza kwa mara ya kwanza baba mdogo Shukuru alikuwa mtu wa namna gani. Hatukutoka mezani mpaka jua likapungua.

Sasa wewe umeniambia unataka kurudia baiskeli baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye kiti cha ofisi. Vizuri sana. Usiogope umri, mwili una kumbukumbu ndefu kuliko unavyodhani. Lakini usinunue baiskeli ya yule kijana uliyekuwa. Huyo hayupo, na magoti yake hakukuachia. Nunua ya mwili ulionao leo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na fremu iliyopimiwa mtu mwingine itakuuma mgongo, itakuuma shingo, na siku ya haja itakunyima breki. Panda kwanza ndipo upende. Kunja vidole uone kama vinakamata. Kampala ina vilima, basi tafuta gia za kupandia, usijitie ujabari. Ina mashimo, basi usione haya ya tairi nene kidogo. Usimalizie akiba yote kwenye chuma ukasahau kichwa. Na muuzaji akikusifia mbio, msikilize, ni kazi yake, kisha muulize kuhusu kusimama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na lingine, ambalo ni kubwa kuliko baiskeli. Anayehofia maisha yako usimfiche safari yako. Mwite, mketishe kwenye benchi, aone. Mara nyingi yule tunayemwogopa kumuumiza ndiye mwenye neno la kutuokoa, na amekaa nalo miaka, hakuna aliyemuuliza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe upepo wa nyuma na madereva wenye huruma. Mlima ukikupokea kwa jasho, mteremko ukupokee kwa akili. Na kila Jumamosi utokayo, pawe na mtu nyumbani wa kukuuliza njia ilikuwaje, nawe uwe na pumzi ya kumsimulia.