Pima Maji Ndani ya Boti

Mimi ni seremala wa Lushoto, tena mwanamke, na sitaki mtu aniulize mara mbili. Nimetengeneza vitanda vya maharusi, mabenchi ya kanisa na mimbari ya msikiti. Kwetu hakuna uwanja ulio sawa, kila nyumba imejishikiza mlimani, kwa hiyo chombo ninachokiamini kuliko vyote ni pima maji, kile kibao chenye kichupa cha maji na povu ndani. Povu likikaa katikati, kazi iko sawa. Likikimbia, hata mwenye nyumba aniapie, navunja naanza upya.

Basi kaka yangu, aliyefanya kazi ya mitambo huko Tanga mpaka akastaafu, akapata boti kuukuu ya matanga, ya kusafiria na kuishi humo humo. Ndani mbao zote zilikuwa zimeoza. Akapanda mpaka karakanani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yenyewe akaitoa kwa haraka, akasema, "Mdogo wangu, nataka unitengenezee nyumba."

Alitaka kusafiri na mkewe, polepole, mpaka Kilwa. Ila wifi yangu kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Mkono hauna nguvu, mguu anauburuta. Kwenda alishakubali, kwa sharti moja, nalo aliniambia mwenyewe kwa simu. "Wifi, nimechoka kupelekwa chooni kama mtoto. Nikiweza kutoka kitandani kwenda chooni na kurudi bila kushikwa na mtu, naenda. Nisipoweza, kaka yako aende akaishi na samaki."

Nilicheka. Nilipokata simu, nikalia. Huyu ni mwanamke wa Mtae, aliyekuwa akipandisha kilima na mzigo wa kuni kichwani huku anaimba.

Nikaenda kupima, nikarudi kupanga. Boti yenyewe nyembamba. Unashuka ngazi tano, jiko liko mkono wa kushoto, meza na mabenchi katikati, mlingoti umetoboa paa ukasimama sakafuni kama nguzo ya nyumba, na choo kiko mbele kabisa. Kitanda cha wifi nikakiweka upande wa kulia, karibu na ngazi. Nikajiambia mgonjwa anataka nafasi. Nikapunguza meza, nikayasukuma mabenchi ukutani, nikapata njia pana, mtu na fimbo yake wanapita bila kugusa chochote. Kaka akautazama mchoro, akaguna. "Njia pana hiyo, mdogo wangu."

"Wewe jua mitambo yako," nikamjibu.

Mbao za mkangazi zikateremshwa kwa lori mpaka Mombo, kisha Tanga, nami nikazifuata. Siku ya kwanza ndani ya boti nikatoa pima maji, nikaiweka juu ya fremu ya kitanda. Povu likaenda kushoto. Nikapachika kabari. Likaenda kulia. Nikachomoa kabari. Likarudi kushoto, likasita, likaenda zake kulia tena. Karibu saa nzima nahangaika, natukana kwa Kishambaa, mpaka kaka akachungulia kutoka juu, akacheka hadi akashika mbavu.

"We! Unapima maji na wewe mwenyewe uko juu ya maji!"

Nilitamani kumrushia patasi. Nikaitia pima maji kwenye mfuko, nikafunga kila kitu kwa kufuata umbo la boti. Lakini ile njia pana aliyoigunia kaka sikuibadilisha. Kiburi tu, hakuna jina lingine.

Kazi ilipokwisha wifi akaletwa. Akashuka ngazi kwa makalio, moja moja, akakaa kitandani, akakisifu. Akainuka na fimbo yake. Alipofika katikati ya ile njia yangu pana, boti ya wavuvi ikapita nje, wimbi lake likatuinamisha. Fimbo ikateleza. Akatupa mkono wa kulia kutafuta pa kushika, hakuna; meza mbali, mlingoti mbali. Akaanguka kwa ubavu, puu!

Kaka akaruka kumwinua. "Usiniguse!" akafoka. Akabaki pale chini kidogo, akihema, kisha akanigeukia mimi, wala hakuwa na hasira. "Wifi, vijia vya kwetu Mtae ni vyembamba. Huku ukuta wa udongo, huku migomba. Ukiteleza unashika. Hapa umenijengea uwanja wa mpira."

Iliniuma, na hadi leo inaniuma. Nilikuwa nimemfikiria mgonjwa, sikumfikiria yeye.

Kesho yake asubuhi nikabomoa. Meza nikaisogeza, mabenchi nikayarudisha katikati, njia ikabaki ya upana wa mabega tu. Upande wa kulia nikafunga mbao ya kushikia, kimo cha kiuno chake, kutoka kitandani mpaka mlango wa choo. Nikairanda mpaka ikawa laini. Nikamwita aone.

Akaipapasa, akatikisa kichwa. "Kwenda nimeelewa. Na kurudi je?"

Loo! Mkono wake mzima ni mmoja, na akigeuka ile mbao inakuwa upande wa mkono mbovu. Nikafunga nyingine upande wa pili siku hiyo hiyo, bila ubishi.

Jioni akainuka. Fimbo akaiacha kitandani. Boti ikainama, naye akainama nayo, mkono ukaifuata mbao shubiri kwa shubiri. Akafika, akaingia, akavuta mlango. Tukasikia komeo.

Mimi na kaka tukabaki tumesimama pale mlangoni, tumeshikana mikono kama watoto.

"Nyie wawili," sauti ikatoka ndani, "nawasikia mnavyohema. Hebu nendeni juu huko, mtu yuko chooni!"

Tukapanda ngazi tukisukumana. Kaka akakaa juu ya paa la boti akalia mbele ya wavuvi wote, wala hakufuta uso. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mkewe afunge mlango wa choo kwa mkono wake mwenyewe mara ya mwisho.