Kiingereza cha Kushukia Mlima

Nilipofanya mtihani wa Kiingereza wa kuingia sekondari ya bweni, nilimwuliza mwalimu aliyekuwa ananisaili kama ametapika. Sikuwa na utovu wa adabu. Niliuliza kwa heshima zote, mikono nyuma. Ili nieleweke inabidi nirudi kwenye harufu ya kahawa iliyomenywa, ikichacha ndani ya pipa nyuma ya nyumba yetu Marangu, miezi ile nilipokuwa nimemaliza darasa la saba na mama ameamua kwamba mimi, kitindamimba wake, sitasoma shule ya kata.

Mama hakujua Kiingereza, ila aliijua dawa yake. "Kuanzia leo humu ndani hakuna Kichagga, hakuna Kiswahili," alitangaza. "Na ng'ombe naye atazoea." Nikawa mfungwa katika nyumba niliyoipenda kuliko mahali popote duniani. Mvua za vuli zilikuwa zimeharibu njia, ukungu ulishuka mpaka kwenye paa la banda, na migomba ilituzunguka kama askari waliolowa. Nikitaka maziwa mgando, sharti niyaombe kwa Kiingereza, na kwa kuwa mama alipima kwa sikio tu, hakuna sentensi iliyofaulu mpaka ipite puani. Nilikula vizuri siku nilizokuwa na mafua. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, lakini mimi kutembea sikukutaka hata kidogo. Nilitaka kukaa bure, kwa lugha yangu. Nikifeli, namvunja mama moyo. Nikifaulu, naenda kulala bwenini, kwa watu nisiowajua, mbali na jiko letu. Kila mlango niliousukuma ulikuwa na kufuli.

Mwalimu wangu alikuwa jirani, Baba Aikande, aliyekuwa akiwaongoza wageni mlimani. Alinifundisha jioni, huku tukikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Kiingereza chake kilikuwa safi, ila kilikuwa cha kazini, cha kupima kama hewa ya juu imemlemea mgeni: umelalaje, kichwa kinauma, umekula, umetapika? Mgeni akikosea kujibu, anateremshwa. Nilikariri yote kama sala.

Siku ya mtihani mimi na mama tulishuka Moshi mjini. Mwalimu wa usaili, mama mmoja mnene mwenye miwani, alipanda ngazi hadi chumba cha juu, akaingia akihema, mkono kifuani. Akanisalimu, akaniuliza hali. Kwetu mtu akihema vile hasalimiwi, anahudumiwa. Nikamwuliza kama amelala vizuri, kama kichwa kinamuuma, kama ametapika. Kisha nikamshauri, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, tugeuze tushuke kabla hali haijawa mbaya. Alicheka mpaka akavua miwani. Nafasi sikupata. Tulipofika nyumbani mama alinipa maziwa bila kuniuliza kwa lugha gani.

Leo niko kwenye kihamba kile kile, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Kwa mila yetu kitindamimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, nami sikutaka kuisumbua mila. Kahawa imepungua, pipa sasa linakinga maji ya mvua. Binti yangu Upendo anajiandaa kwa mtihani kama ule, kwa simu inayomsahihisha bila kumnyima chakula. Hakuna aliyemfungia. Anasoma kwa sababu anataka kwenda, na hilo ndilo linaloninyima raha. Juzi nilimsimulia mkasa wangu, chumvi ya kutosha, nikamalizia kwamba shule ya kata nayo ni shule, mbona mimi sikufa. Alicheka, kisha akaiweka simu chini, akabaki anaitazama tu.

Baba Aikande, ambaye mlima umemmalizia magoti, alikuwa ng'ambo ya ua wa masale, mimea ya mpakani, akikata majani, masikio wazi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Muongo wewe," alisema. "Salamu nilikufundisha siku ya kwanza kabisa. Ukachagua matapishi kwa sababu hukutaka kuondoka kwa mama yako. Sasa mwache mtoto aende."