Kitabu Ambacho Hakijawahi Kutoka

Muhula huu mwalimu wa Kiswahili alitupa insha: eleza jinsi maktaba inavyoweza kuwahudumia wasomaji wake vizuri zaidi. Nikaandika viti viongezwe, taa iwekwe, vitabu vipya viletwe kutoka Nairobi. Nikabandika methali mbili mwishoni kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba ya katani. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa na kusema wengine waige. Hii hapa ni ile ambayo sikumpa.

Maktaba ninayoijua mimi ni chumba kimoja hapa Busia, nyuma ya soko, chenye mlango wa mbele ambao sijawahi kuuona wazi. Msomaji haingii. Msomaji anasimama nje kwenye veranda, mbele ya dirisha lenye waya kama wa banda la kuku. Ndani unaviona vitabu vimejipanga, vimetulia, vimenona. Karani anakaa kwenye kiti katikati yao. Ukitaka kitabu unaandika jina lake kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza, kwa sababu vitabu vingi ni vya Kiingereza na karani hataki kutafsiri. Unapitisha kikaratasi chini ya waya. Sasa mtu ambaye hajawahi kukiona kitabu atajuaje jina lake? Hilo halikuwa kwenye sheria.

Kwa hivyo wakati wa likizo sisi wavulana watatu tulikuwa tunakaa pale verandani tukiwaandikia watu. Mtu anakuja, anasema anataka kitu juu ya magonjwa ya kuku au barua ya kuomba kazi, nasi tunamtungia jina lenye sura ya kitabu. Malipo yalikuwa njugu, kipande cha muwa, siku nzuri mandazi. Karani alitupenda kwa sababu tulimpunguzia kuongea.

Siku moja nilimwandikia mama mmoja wa kutoka Butula jina la kitabu ambacho hakuna mzungu yeyote amewahi kukiandika, kuhusu ndoa ya panya na mjusi. Karani akakisoma kikaratasi, akageuza shingo kidogo kuelekea rafu, akasema, "Hakuna." Hakushangaa. Kesho yake nikaandika jina la kitabu cha kilimo nilichokuwa nakiona kwa macho yangu, mgongo wa kijani, rafu ya pili. Karani akageuza shingo ileile. "Hakuna."

Ndipo nikaelewa. Kitabu kikitoka kinaweza kupotea, na kikipotea ni yeye anaitwa kwa wakubwa wake Kakamega kujieleza. Kisipotoka, kila mwisho wa mwaka hesabu yake iko sawa. Alikuwa anavichunga vitabu dhidi yetu, kama vile mtu anavyochunga mahindi dhidi ya nyani. Na kwa kuwa jibu lilikuwa moja kwa kitabu cha kweli na cha uongo, nikaona hakuna haja ya kuumiza kichwa na vya kweli.

Wakati huo mpaka wa Uganda ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule. Malori yalijipanga kutoka kwenye kizuizi cha mpakani hadi nje ya mji, na huko Malaba tuliambiwa ni vivyo hivyo. Ndiyo maana Jumatatu moja akaja taniboi.

Taniboi ni yule msaidizi wa dereva, anayefunga turubali, anayeweka gogo nyuma ya gurudumu, anayelala chini ya lori. Wengi ni vijana. Huyu alikuwa na mvi juu ya masikio. Alikuwa amenawa mpaka viwikoni na bado mikono ilikuwa nyeusi ya girisi. Rafiki yangu mmoja akamwamkia, "Shikamoo boi," tukacheka. Yeye pia akacheka, akakaa nasi kwenye ngazi.

"Vijana, hapa nasikia iko kitabu ya alama za barabara."

"Vitabu viko vingi, mzee," nikamwambia. "Unataka kuendesha nini, baiskeli?"

"Lori."

Akatueleza bila kuulizwa mara ya pili. Dereva wao alikuwa ameogopa kuvuka Uganda tena, akaacha funguo na kurudi kwao. Tajiri, yaani mwenye lori, alikuwa na duka hapa mjini. Alimwambia taniboi: afisa wa kutahini leseni anakuja Ijumaa. Ukipita, lori ni lako kuendesha. Usipopita, mpwa wangu ana leseni tayari na amemaliza form four, atashika usukani siku ambayo mpaka utafunguliwa.

"Mimi lori hapana shida," akasema. "Miaka kumi na miwili nimekuwa kwa hiyo gari. Hata kurudisha nyuma na trela, nafanya. Shida ni ile meza."

Ile meza kila mtu hapa anaijua. Ni ubao umechorwa barabara za mji, na gari dogo la kuchezea, na kadi za alama. Afisa anakuuliza, unajibu. Alikuwa ameanguka pale mara mbili.

Mimi nilikuwa nakijua kitabu anachokitaka. Kilikuwa chembamba, jalada la manjano, kimesimama rafu ya chini karibu na dirisha, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye waya. Kwenye ukingo wa jalada uliochungulia kulikuwa na picha ya taa za barabarani, ambayo mtu asiyejua pa kuangalia haioni. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Badala yake nikachukua kikaratasi na kuandika kwa Kiingereza: Jinsi ya Kumfuga Mamba Nyumbani.

Karani akageuza shingo. "Hakuna."

Taniboi akarudi kwetu na kutupa njugu. "Kumbe watu wanaisoma sana," akasema. "Nitajaribu kesho."

Alipoondoka tukawekeana dau atarudi mara ngapi. Mimi nilisema mbili.

Jumanne akaja amevaa shati la kuazima, mikono ya shati imefika katikati ya mkono. Nikamwandikia kitabu cha mapishi ya mawe. Hakuna. Akatoa njugu tena. Akatuambia kwao ni Funyula, na lori linapita karibu na kwao lakini mke wake humwona tu akipunga mkono juu ya mzigo. Akiwa dereva atasimama pale barabarani, apige honi, watoto watoke. Alikuwa ameshafikiria hata honi atakavyoipiga. Akatuigizia. Tulicheka mpaka yule rafiki yangu akakohoa maganda.

Jumatano niliandika: Bwana karani, kwa kuwa wewe unalala humu mchana na mshahara unalipwa, naomba nami nipewe mkeka.

Karani akasoma. Akasoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu maktaba ijengwe: akasimama. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaja verandani, na wanawake waliokuwa wanauza nyanya kule chini wakaacha kuuza ili wasikie.

"Nani ameandika hii?"

Sisi tukaangalia barabara. Taniboi alikuwa hajui Kiingereza. Hakujua kikaratasi kinasema nini, aliona tu kwamba mtu mzima amekasirika. Angeweza kugeuka na kutuonyesha. Lakini watu walikuwa wengi, na kusema ni watoto hawa wameniandikia ni kusema mbele ya soko zima kwamba hajui kuandika.

"Ni mimi, bwana."

"Ni wewe."

"Ndiyo. Mimi nimeandika."

"Basi isome. Soma kwa sauti ulichoniandikia."

Akakichukua kikaratasi. Akakishika kwa mikono miwili na midomo ikaanza kusogea, kwa sababu midomo huwa inasogea mtu akisoma, hata yeye alikuwa amewaona watu. Hakuna kilichotoka. Mama mmoja wa nyanya akasema, "Mwache bwana, ni taniboi tu." Hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi, nilimwona. Karani akamwambia asionekane tena kwenye dirisha hilo, na akarudi kukaa.

Alhamisi nilidhani nimeshinda dau na yamekwisha. Akaja. Hakuenda dirishani. Alikuja moja kwa moja kwangu, akachuchumaa.

"Kijana, mimi nimefukuzwa. Lakini wewe si unasoma? Hiyo kitabu si umesoma? Nisomee kwa kichwa."

Sikuwa nimekisoma. Wala mimi sijawahi kupewa kitabu pale dirishani. Lakini alikuwa ananiangalia kama watu wanavyomwangalia daktari wa misheni pale Nangina, na rafiki zangu walikuwa wananisikiliza. Nikachukua kijiti nikaanza kuchora mavumbini.

Duara lenye mstari mmoja mnene katikati: hapo wanapita wakubwa tu, kama una barua ya D.O. wa tarafa unapita. Akasema hiyo inaingia akilini. Pembetatu yenye vilima viwili: karibu na hapo kuna hospitali ya kina mama kujifungulia. Rafiki zangu wakaangalia pembeni, mabega yanatetemeka. Pembetatu yenye ng'ombe: soko la mifugo.

Hapo akasita. "Mimi nilifikiria ni ng'ombe wanavuka. Unapunguza mwendo."

"Hivyo ndivyo wanavyofikiri watu ambao hawajasoma," nikamwambia. "Kama ingekuwa rahisi hivyo, ungeanguka mara mbili?"

Akakubali. Nilimwona akimtoa yule ng'ombe wake kichwani na kumweka wangu. Alirudia zote mara tano, sita, akifuta na kuchora mwenyewe, na mkono wake ulichora vizuri kuliko wangu. Jioni akanipa mfuko mzima wa njugu.

Ijumaa mtihani ulikuwa kwenye uwanja, meza chini ya kibanda cha mabati, na sisi nje ya ua wa miti, hatua chache tu, tukiona na kusikia kila kitu. Tajiri alikuwa amekuja na mpwa wake, mwenye suruali pana chini na kalamu mfukoni. Taniboi akapelekwa mezani. Yale maswali ya kugeuza kigari akajibu vizuri, nani anangoja, nani anapita. Afisa akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akatoa kadi.

"Hii?"

"Soko la mifugo, afande."

Afisa akaigeuza kadi akaiangalia mwenyewe. "Na hii ya vilima?"

"Hospitali ya kina mama kuzaa."

Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Mpwa alicheka ameshika meza. Hata askari wa zamu alicheka. Taniboi alingoja wanyamaze, amesimama wima, halafu akasema kwa heshima, "Afande, ni kitabu inasema."

"Kitabu gani?"

"Ya maktaba."

Afisa akaacha kucheka. Kama maktaba ina kitabu cha namna hiyo, alitaka kukiona. Akamtuma askari.

Sasa sikilizeni jinsi maktaba inavyoweza kuhudumia. Askari hakuandika kikaratasi. Hakujua jina la kitabu, Kiingereza chake kilikuwa kama cha taniboi. Kabla afisa hajamaliza sigara, karani mwenyewe alikuja mbio na tai begani, kile cha manjano kifuani, amekipangusa vumbi njiani kwa mkono wa shati.

Afisa akafungua. Nyuma kulikuwa na ile karatasi ya kugongwa mihuri kila kitabu kinapoazimwa. Ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hiki kimetunzwa," afisa akasema.

"Hakijawahi kutoka, afande," karani akajibu, na uso wake ukang'aa.

"Vingine wanarudisha vimeraruka. Wewe ni mtu wa kazi." Halafu akamgeukia taniboi. "Na wewe unasema umesoma hapa?"

Taniboi alikuwa ameinama mezani. Alikuwa anaangalia ukurasa. Afisa akamsukumia kitabu, pengine kwa dhihaka, nacho kikawa mikononi mwake. Kilikuwa picha tupu. Rangi, kubwa, nzuri, maneno machache tu chini. Mtu hakuhitaji Kiingereza wala Kiswahili. Ng'ombe alikuwa anavuka barabara na gari limesimama linamngoja; vile vilima vilikuwa matuta ya barabarani, na gari linayapanda polepole. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, polepole, kidole cha girisi kikiwa hewani ili kisiguse, na nilimwona akiona kwamba karibu zote alikuwa anazijua tangu zamani, kabla hajaniuliza.

"Hii nilikuwa najua, afande," akasema. "Naweza kusema tena?"

"Rudi baada ya miezi mitatu."

Karani akakichukua kitabu kutoka mikononi mwa taniboi na kukikagua kama kina alama za vidole.

Tajiri alimpa mpwa funguo palepale, mbele ya taniboi. Taniboi alipopita kwenye ua aliniona. Nilijiandaa kukimbia. Alikuja karibu, akasema, "Wewe uko darasa la ngapi?" Nikamwambia form two. Akatingisha kichwa kana kwamba hesabu fulani imekataa kutoka, akaenda.

Jumamosi mpaka ukafunguliwa. Malori yakaanza kunguruma na kila mtu akataka kutoka kwanza. Lile lori lao lilikuwa limebanwa katikati ya mengine mawili, na lazima lirudi nyuma kwanza na trela yake ndipo lipate njia. Mpwa alijaribu. Trela ikajikunja kama mguu uliovunjika. Akajaribu tena, akagonga pipa. Madereva wakampigia honi na kumtukana kwa lugha za nchi nzima, na tajiri akapiga kelele, "We taniboi, uko wapi, mwelekeze."

Taniboi akaja nyuma ya lori. Akaondoa gogo chini ya gurudumu. Akasimama mahali ambapo mpwa angemwona kwenye kioo, akainua mikono yote miwili.

"Kata kulia," akamwambia. "Kulia. Polepole. Sasa kushoto, kidogo tu. Njoo. Njoo. Njoo."

Lori likatoka kama limepakwa mafuta. Akaligonga ubavuni kwa kiganja, mara mbili, akapanda juu ya mzigo.