Paka Aliyelijua Jina Langu

Dada yangu alirudi Wawi kutoka chuoni Unguja na kompyuta mpya, akanifungulia gemu. Ndani mlikuwa na paka mdogo mweupe, mzuri wa kupakatwa. Nikamlisha, nikamlaza. Mara akafumbua macho, makubwa kupita kiasi, yakatokea maandishi yenye jina langu, yakiuliza: "Mbona unataka kuondoka?"

Kweli nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

"Umemwambia wewe jina langu?" nikamuuliza dada.

"Wallahi sijamwambia. Gemu husoma jina la mwenye kompyuta."

"Mwenye kompyuta si wewe?"

Akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nikazidi kumshuku. Mwishowe akacheka, akasema kompyuta kaninunulia mimi, kaisajili kwa jina langu. Nilimfuta yule paka kwanza, ndipo nikamkumbatia dada.